Maji Yalihamishwa, Nami Nikasema Ni Mvua

Mwanangu Ndeshi,

Salamu tutapeana jioni ukirudi, kwa hiyo hapa naziruka. Umekwenda Maji ya Chai kusuka, na kwa rasta ulizochagua, nyembamba kama uzi wa kushonea, msusi hawezi kukuachia kabla ya saa kumi na moja. Baba yako yuko kazini. Nina mchana mzima, meza, na kalamu yako uliyoisahau juu ya kabati. Kesho alfajiri unapanda basi, na ninayotaka kukwambia siwezi kuyasema huku nakutazama. Nimejaribu tangu Jumapili. Kila nikifungua mdomo inatoka habari ya sabuni.

Sabuni basi tumeimaliza. Sweta huihitaji, huko Morogoro nasikia hata mbwa hutembea upande wenye kivuli. Kuhusu wanaume sina la kukwambia, kwa sababu ninachokijua nimejifunza kwa mmoja tu, na wewe mwenyewe ulinifundisha kwamba sampuli ya mtu mmoja haitoshi kutoa hitimisho.

Nataka tuzungumze ukurasa wa kwanza wa andiko lako la utafiti.

Jumapili ulitusomea baada ya chakula. Ulisimama pale mlangoni kama mwinjilisti, ukaanza na maneno ya Bibi yako yaliyochapwa kwenye ile ripoti ya mabadiliko ya tabianchi: “Zamani mvua ilitujua kwa majina. Siku hizi imetusahau.” Ukatuambia profesa wako alipofika hapo aliacha kusoma, akasema huyu binti namtaka. Mama Eliya, jirani yetu, akatoa machozi. Baba yako akaangalia viatu vyake. Mimi nikaenda jikoni kuchochea moto uliokuwa umezimwa.

Maneno yale si ya Bibi. Ni yangu. Niliyatunga papo hapo kwenye kihamba chake, shamba la nyumbani, chini ya migomba, nikiwa nimeshika sahani ya ndizi za mgeni.

Ulikuwa darasa la sita walipokuja watafiti. Aliyewaongoza alikuwa mama mmoja wa makamo, mpole, mwenye kofia pana, tulimwita Dokta. Alitaka kuzungumza na wazee kuhusu mvua, kahawa na maji, na wazee wetu Kiswahili chao ni cha sokoni: bei, habari, asante. Akatafutwa mkalimani. Mwenyekiti wa kitongoji akasema, “Mchukueni Mama Ndeshi. Huyu Kiswahili chake ni cha taarifa ya habari.” Ni kweli. Shule niliachia kidato cha pili, lakini sijawahi kutupa karatasi bila kuisoma. Magazeti yaliyofungiwa maandazi nimeyasoma mpaka mafuta yalipozuia. Siku ile nilivaa gauni la kanisani, nikajiona nami ni mtu wa serikali.

Nikueleze jinsi tulivyokuwa tukijibu, maana ndiko unakokwenda kuuliza. Kabla ya Dokta walikuwa wamepita wengine watatu, kila mmoja na karatasi zake, na kijiji hakina ujinga. Siku ya pili tu watu walikuwa wameshajua jibu linaloleta mradi. Mama Eliya aliulizwa ng'ombe wake wamepungua kwa nini. Akasema, “Mabadiliko ya tabianchi.” Nikamwambia kwa Kimeru, “Shoga, wawili si uliwauza ukamwozeshea Eliya?” Akanijibu kwa Kimeru vilevile, bila kugeuza shingo, “Na hali ya hewa ilikuwa mbaya siku ile. Tafsiri.” Nikatafsiri. Dokta akaandika.

Tulicheka sana jioni ile. Ndiyo maana nakuandikia. Mzaha huu ulianza kwangu ukiwa mdogo kiasi hicho.

Mfereji wetu wewe unaujua ukiwa mtaro wa nyasi ambamo mnapitisha mbuzi. Mimi nilipoolewa hapa ulikuwa ukilia usiku kucha kama mtoto mwenye chango. Kila kaya ilikuwa na zamu yake. Zamu yako ikifika unaziba kwa kipande cha mgomba na udongo, maji yanageukia kwako, kahawa inakunywa, maharage yanakunywa, na muda ukiisha unazibua. Aliyeiba zamu alitozwa mbuzi, awe mzee wa kanisa au nani. Na mwenyekiti wa mfereji, kama ulivyosikia akisifiwa tangu utoto wako, alikuwa baba yako, kwa sababu ukoo wake ndio uliouchimba.

Kisha akaja mwenye shamba. Unamjua, anaishi Themi kule mjini, na huku kwetu huonekana akiwa nyuma ya kioo cha gari. Alinunua ekari za kule juu, karibu na banio, pale maji ya mto yanapoingia kwenye mfereji. Akajenga vile vitalu vya nailoni vya pilipili hoho. Akaja hapa nyumbani kuomba bomba. Nilimsikia kwa masikio yangu, nilikuwa naandaa chai. “Ni bomba dogo tu, Mzee. Na ni usiku tu, watu wakiwa wamelala. Maji ya usiku si yanapita bure?” Baba yako hakuitisha mkutano. Alitia sahihi kama mwenyekiti, pale pale, kalamu nikiwa nimeitafuta mimi. Mwezi uliofuata akapewa buti za mpira, funguo, na kazi ya msimamizi ambayo anayo mpaka leo.

Bomba dogo lilikuwa nene kama paja langu, na usiku ule haujakucha bado.

Mimi nina ugonjwa wa kuandika, unajua. Kila asubuhi nikienda kuchota nilitumbukiza mwiko wa ugali kwenye mfereji, mahali pamoja, kwenye jiwe lililo bapa, kisha naandika kwenye daftari maji yamefika wapi. Mvua niliipima kwa kopo la maziwa ya unga juu ya banda la kuku. Hakuna aliyenituma. Wengine huhesabu siku kwa ibada, mimi nilihesabu kwa mwiko. Kwa hiyo siku bomba lilipofunguliwa niliiona kwenye mti wa mwiko wangu. Jumatatu maji yalifika shingoni mwa mwiko. Jumanne yalilowesha ncha. Na kopo juu ya banda, Ndeshi, lilikuwa limejaa, kwa sababu ilikuwa katikati ya masika.

Dokta alimfikia Bibi siku ya tatu. Bibi alikuwa ameketi kwenye kigoda chake, ameshika jembe kama fimbo, nyuma yake ile kahawa aliyoipanda na Babu ikiwa imeanza kunyauka kuanzia juu. Dokta akasalimia, shikamoo yake ikaitikiwa, akauliza: “Bibi, unadhani kwa nini maji yamepungua?”

Bibi alijibu kwa Kimeru, taratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia: “Mwambie maji hayajapungua. Yamehamishwa. Mvua inabadilika, naiona, inachelewa na ikija inakuja kwa hasira. Lakini mvua haina mikono ya kufunga bomba. Mwambie apande mpaka kwenye banio akaone, na akitoka huko amuulize mwanangu.”

Dokta akanigeukia, kalamu tayari.

Nikasema, “Anasema zamani mvua ilitujua kwa majina. Siku hizi imetusahau.”

Dokta aliandika haraka, akapigia mstari. “Jamani, Bibi ana hekima.”

Bibi Kiswahili hakukijua sana, ila neno mvua alilijua. Akanitazama. “Mvua? Nimesema mvua peke yake?”

“Anasema nini?” akauliza Dokta.

“Anasema yote ni mapenzi ya Mungu.”

Na Dokta akaandika hilo pia.

Nimejiuliza miaka yote kwa nini nilifanya vile, na kila mara najipa sababu nzuri, kama mtu anayechagua nyanya. Kwamba mke hamwaibishi mumewe mbele ya mgeni. Kwamba mgeni alikuja kutafuta tabianchi, na sisi tumelelewa kumpa mgeni alichokuja nacho mdomoni. Kwamba ule mshahara wa msimamizi ndio uliokuwa ukupeleke shule ya bweni. Zote ni kweli. Lakini ipo nyingine ambayo sijawahi kumwambia mtu: nilipenda ile sentensi. Ilinijia vizuri. Mtu wa kidato cha pili, anatamka jambo na msomi anapiga mstari. Niliuza maji ya mama mkwe wangu kwa mstari mmoja wa wino.

Ripoti ilirudi ukiwa kidato cha pili. Karatasi inang'aa, picha ya Bibi ukurasa mzima, maneno yangu chini ya kidevu chake. Nyuma ya ripoti ukaja mradi wa kutusaidia kuhimili ukame. Tukapewa mbegu za mtama. Mtama, hapa mlimani! Wameru kwenye ukungu tukafundishwa kulima mtama na mtaalamu aliyekuwa anatetemeka kwa baridi. Ndege walishukuru. Wakajenga na tangi la kuvunia maji ya mvua pale kanisani, zuri tu, linafaa, silisemi vibaya. Ila hakuna hata mmoja aliyepanda kwenda kwenye banio. Wangepandia nini? Walikuwa wameshaambiwa tatizo liko mbinguni.

Mwaka uliofuata wanawake wa chini ya mfereji wakachoka. Tukaenda mjini ofisi ya maji, tisa kwa hesabu, Bibi akiwa mbele na kitambaa chake cha Umoja wa Wanawake. Mimi nilikuwemo, tena kwa kazi yangu ileile. Afisa alitupokea vizuri. Mama Eliya akaeleza habari ya bomba, kwa Kiswahili chake mwenyewe, safari hii hakutaka kutafsiriwa. Afisa akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akafungua kabati, akatoa ripoti, akaiweka mezani, ukurasa wa picha.

“Mama zangu, sisi hapa tunafanya kazi kwa ushahidi. Watafiti walikuja kwenu. Ninyi wenyewe mmesema ni mvua.” Akamtazama Bibi, akaitazama picha. “Bibi, huyu si wewe?”

“Ni mimi.”

“Na haya umesema wewe?”

Nilimtafsiria. Sauti yangu niliisikia kama ya mtu wa chumba cha pili. Bibi aliitazama picha yake muda mrefu, halafu akanitazama mimi. Ndeshi, nilisubiri aniseme. Nilitamani aniseme. Akageuka kwa afisa, akatumia Kiswahili chake cha sokoni:

“Basi. Nimesema.”

Tukarudi. Wenzetu walitangulia, mimi na Bibi tukapanda kilima polepole. Nikamuuliza, “Mama, kwa nini hukunikana?”

“Ningekukana wewe, wangemwita mwanangu. Wangemwita mwanangu, mjukuu wangu angerudi na sanduku lake kutoka shule.” Akapumzika, mkono kiunoni. “Nimepiga hesabu kama wewe ulivyopiga. Ila mimi nimelipa kwa kahawa yangu, wewe umelipa kwa kahawa yangu.”

Tulipofika mlangoni akasema jambo la mwisho: “Na chakula chako usiniletee tena.”

Hakula kwangu mpaka tulipomzika. Ulikuwa ukija likizo unaniuliza kwa nini Bibi anakula kwa Mama Eliya wakati loshoro yetu ya mahindi na mtindi ipo, nami nikakwambia Mama Eliya anaujua ulaini wa chakula cha mzee. Ile kahawa aliing'oa mwenyewe, shina kwa shina, akaifanya kuni. Wewe ukamwandikia insha ya shule, bibi shujaa anayepambana na tabianchi, ukapata zawadi ya kamusi. Niliitundika ukutani insha ile. Nilikuwa na uso gani, sijui.

Sasa usije ukaenda huko ukasema mama yangu anasema tabianchi ni uongo. Nikisikia hivyo nitakuja Morogoro kwa miguu. Mbu wamepanda mpaka kwetu. Nilipokuwa binti, neti huku tulifunikia vifaranga. Kahawa inachanua mara mbili kama mtu aliyesahau kwamba ameshasali. Vuli ikija mwaka huu, hukumbuki ya mwaka jana iliingia lini. Ukungu uliokuwa unatulia mpaka saa nne sasa unaondoka kabla hatujanywa chai. Nimeyaandika yote, siku kwa siku. Madaftari yangu yako ndani ya begi lako, chini ya viatu, nimeyafunga kwa khanga. Mvua iko kwenye kurasa za kushoto, mfereji kurasa za kulia. Ukizisoma pamoja utaona mambo mawili, kila moja na tarehe zake. Mvua inabadilika polepole, kwa miaka. Mfereji ulikufa Jumanne.

Hicho ndicho kilichonitafuna kuliko vyote. Lile la kweli tulilitumia kuficha lile jingine la kweli. Uongo mtupu ungekamatwa mapema.

Utafanya kazi na wakalimani wengi, na wengine watakuwa wanawake kama mimi, waliovaa gauni la kanisani. Mzee akisema kwa muda wa kuchoma mhindi na mkalimani akakupa sentensi moja, usifungue ukurasa mwingine. Hasa kama sentensi ni nzuri. Na ukiuliza swali ambalo jibu lake limo ndani, watu watakurudishia jibu lako mwenyewe, limepashwa moto. Hayo si mawaidha. Ni jinsi nilivyomdanganya mwenzio.

Jumatatu ijayo unasimama mbele ya profesa na andiko lako. Ukiutoa ukurasa wa kwanza atauliza kwa nini, na ukimweleza, swali lake la pili litakuwa jina la baba yako. Pengine atasema huna tena utafiti. Pengine atakurudisha. Nimelifikiria hilo mpaka nikaona afadhali uende na rasta zako na ujinga wako. Lakini mwezi uliopita Mama Eliya na wenzake wameandika barua mpya kuhusu bomba. Itafika ofisi ileile, kabati lileile. Ukiandika ulivyotusomea Jumapili, karatasi itakayotolewa kuwazima safari hii itakuwa na jina lako, na wewe ni msomi, hakuna afisa atakayekubishia. Bibi amekwisha kunyamazishwa mara moja na mtu wa nyumba hii. Nisingependa iwe ada.

Baba yako si mtu mbaya. Ni mtu aliyepewa buti. Amezivaa siku nyingi mno, hajui tena kutembea bila hizo, na mimi ndiye niliyekuwa nazisafisha. Umekula kwa buti zile, umesoma kwa buti zile, kwa hiyo sitakwambia umchukie. Sitakwambia umsamehe pia. Hilo lako.

Langu nimelifanya. Asubuhi hii, ulipokuwa unaoga, nilikwenda kwa Mama Eliya nikaomba ile barua. Chini kulikuwa na nafasi ya shahidi, tupu, kwa sababu hakuna aliyekuwepo siku ya sahihi ila wanaume wawili na mwanamke mmoja aliyekuwa anaandaa chai. Nimeandika jina langu kamili. Nimeandika alichosema Bibi na nilichosema mimi, kimoja chini ya kingine. Mama Eliya alisoma, akaniuliza, “Na mumeo?” Nikamwambia, “Kesho.” Akafunga barua, hakunikaribisha chai. Nimeanza kuizoea njaa ya nyumba ile.

Kwa hiyo ukiamua kuandika upya, usiandike “mkazi mmoja wa kijiji hicho” kama mlivyozoea kutuficha ninyi watafiti. Nimeshajitoa mafichoni, niandike kwa jina, na kazi yangu iandike: mkalimani.

Kesho baba yako atabeba begi lako mpaka stendi, kama alivyokuwa akilibeba ulipokuwa unakwenda bweni. Atataniana na kondakta, atakununulia maji ya chupa. Mwache akupungie mkono, nawe umpungie. Basi likishaondoka tutarudi nyumbani sisi wawili, na nitamwambia nimeweka sahihi wapi.

Ukifika, tuma ujumbe kwamba umefika. Kupiga usipige kesho jioni. Tutakuwa tunaongea.

Mama yako